Maji kuwa meupe sio kwamba yamesafishika: bakteria wanavyotoa naitrojeni kwenye majitaka

Nianze na kilichonifanya nianze kuifuatilia hii habari. Nilikata simtank ya lita 1000 nikaweka vifaranga wa sato 120 nyuma ya nyumba, pampu ndogo ya hewa, na sponji kubwa linalochuja kinyesi na mabaki ya chakula. Sponji nilikuwa nalitoa kila siku jioni, nalikamua, nalifua kwa maji ya bomba mpaka linarudi kama limetoka dukani. Maji meupe kabisa, ukiinama unaona chini. Siku ya sita samaki wakaanza kupanda juu wanavuta hewa, mashavu yanaenda mbio, siku ya tisa nikaokota zaidi ya nusu wameelea. Nikampigia mzee mmoja ambaye amefuga samaki miaka mingi, nikamwambia mzee wangu, maji ni masafi hata wewe ungekunywa, sasa wanakufa na nini? Hakuniuliza habari ya maji. Akaniuliza, "Hilo sponji unalifua na nini mwanangu?" Nikamwambia maji ya bomba, kila siku. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "Basi chujio umeliua kabla hata halijazaliwa."

Hiyo sentensi ilinisumbua sana. Maana mimi kama wengi wetu nikisikia chujio naona kile cha chai, kitu chenye matundu, uchafu unabaki juu maji yanapita chini. Kumbe ukiingia kwenye majitaka, iwe ya samaki au ya choo cha mji mzima, uchafu mbaya kuliko wote hauna umbo la kubaki juu. Chukulia sukari kwenye chai, ikishakorogwa ikayeyuka, hata uchuje kwa kitambaa laini namna gani chai itabaki tamu tu. Amonia kwenye majitaka iko hivyo hivyo, imeyeyuka, haina rangi, mchanga hauishiki vya kutosha na neti ndo kabisa. Kwahiyo chujio la kibaiolojia halichuji kwa matundu yake. Kokoto, mchanga, plastiki, sponji, hizo zote ni nyumba tu za kupangisha, wanaofanya kazi ni wapangaji, yani bakteria.

Sasa hiyo amonia inatoka wapi. Ukila dagaa, maharage, mayai, nyama, unakula protini, na protini ina naitrojeni ndani yake. Mwili ukishachukua kinachotakiwa unatoa iliyobaki kama urea, na sehemu kubwa inatokea kwenye mkojo, karibu asilimia 80, kinyesi kina kidogo tu. Mtu mzima mmoja kwa siku anatoa kama gramu 12 za naitrojeni, inategemea anakula nini. Inaonekana kidogo, ila piga hesabu ya mji wa watu laki moja, hapo ni kilo 1200 kila siku ya Mungu, sikukuu zikiwemo. Urea ikifika kwenye bomba au shimo bakteria wanaivunja haraka sana inakuwa amonia, ndo ile harufu inayochoma macho ukiingia choo cha stendi. Samaki wao wanatoa amonia moja kwa moja kupitia mashavu, na ndo maana simtank yangu ilijaa sumu bila kuchafuka machoni.

Na hapa kuna kitu ambacho wafugaji wengi hawaambiwi. Amonia kwenye maji inakaa kwa sura mbili, moja imebeba chaji na haina madhara makubwa, nyingine ni gesi iliyoyeyuka na hiyo ndo inaua, na zinabadilishana kutokana na joto na pH, yani kipimo cha maji kuwa na asidi au magadi. Kwenye maji ya nyuzi 28, ambayo ni maji ya kawaida kabisa ya Dar, pH ikiwa 7 ile sura ya sumu haifiki hata asilimia 1. pH ikipanda ikawa 8 inakuwa kama asilimia 6 au 7. Ikifika 9 ni kama asilimia 40. Yani amonia ni ile ile, kipimo hakijabadilika, ila mchana jua likiwaka mwani wakavuta kaboni yote pH ikapanda, samaki wanakufa saa tisa alasiri na asubuhi walikuwa wazima.

Madhara hayaishii kwa samaki. Amonia ikimwagwa mtoni bakteria wa mto wanaanza kuibadilisha na kazi hiyo inakula oksijeni, kilo 1 ya naitrojeni ya amonia inataka kilo 4.57 za oksijeni mpaka ikamilike, kwahiyo mto unakabwa. Ikifika ziwani inakuwa mbolea ya mwani na magugumaji, na watu wa Kisumu pale ghuba ya Winam wanajua wenyewe gugumaji likifunga ziwa boti zinakwama hata nyavu haziingii. Gugumaji lina sababu zake nyingi, fosforasi mojawapo, lakini majitaka yaliyosafishwa nusu ni chakula chake kizuri.

Tuje kwa wapangaji wenyewe sasa.

Mpaka mwaka 1877 wengi walidhani amonia ikipita kwenye udongo inabadilika kwa kemia tu, hewa na udongo vinakutana basi. Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, wakachukua bomba refu la kioo, wakajaza mchanga uliochomwa moto pamoja na chokaa ya mawe, wakawa wanapitisha majitaka polepole. Karibu siku 20 za kwanza hakuna kilichotokea, amonia inaingia amonia inatoka. Kama ni kemia tu, mbona isianze siku ya kwanza? Alafu baada ya hizo siku amonia ikaanza kupungua na naitreti, yani naitrojeni iliyoshikana na oksijeni, ikaanza kutoka chini. Wakafanya kitu kimoja cha akili sana, wakapitisha mvuke wa klorofomu, ile dawa waliyokuwa wanalalizia wagonjwa, na kazi ikasimama. Kemia hailali usingizi. Wakaongeza maji yenye udongo kidogo wa bustani na kazi ikarudi. Hapo ikajulikana kuna viumbe hai ndani. Mtu aliyewatenganisha na kuwaonyesha wenyewe alikuwa Winogradsky, mwanasayansi kutoka Urusi, kama mwaka 1890 hivi. Mimi hizo siku 20 ndo zilinifungua macho, maana nilikuwa nafua sponji kila jioni, kila siku nairudisha siku ya kwanza.

Kazi yenyewe ina hatua mbili na majina yake yanafanana mpaka yanachanganya, kwahiyo nenda nayo taratibu. Kuna bakteria wanaochukua amonia wanaifanya naitraiti, Nitrosomonas ndo maarufu zaidi. Alafu kuna wengine, Nitrospira na Nitrobacter, wanachukua hiyo naitraiti wanaifanya naitreti. Naitraiti ni ya katikati na ni mbaya, inaingia kwenye damu ya samaki damu inakuwa ya kahawia haibebi tena oksijeni. Naitreti ya mwisho ni pole zaidi. Kwa zaidi ya miaka 100 watu waliamini hakuna bakteria mmoja anayeweza kufanya hatua zote mbili peke yake, mpaka mwaka 2015 timu mbili za watafiti zikawapata Nitrospira wanaomaliza kazi yote wenyewe, na timu mojawapo iliwakuta kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki! Niliposoma hapo nilifurahi kweli.

Hawa bakteria wana tabia tatu ambazo ukizijua umeelewa nusu ya uhandisi wa majitaka. Ya kwanza, wanakua polepole mno. Bakteria wa kawaida wanaokula uchafu wanajizidisha kwa dakika au masaa machache, hawa wanataka siku nzima au zaidi, kwahiyo ukiwapoteza usitegemee kesho wawe wamerudi, hesabu wiki nne mpaka sita. Ya pili, wanataka hewa, oksijeni ikishuka chini ya miligramu 2 kwa lita wanalegea. Ya tatu, wanatengeneza asidi wakiwa kazini, kila gramu 1 ya naitrojeni wanayobadilisha inakula gramu 7 hivi za ule uwezo wa maji kuhimili asidi ukipimwa kama chokaa, uwezo ukiisha pH inaporomoka na wenyewe wanasimama. Ndo maana bwana Müntz na mwenzake kuweka chokaa kwenye lile bomba iliwasaidia sana, na ndo maana mfugaji ukimwona anamwaga kikombe cha baking soda kwenye tanki usimshangae.

Kwasababu wanakua polepole na maji yanataka kuwasomba, lazima wapewe mahali pa kung'ang'ania. Ndo ikaja fikra ya mawe. Kituo cha majaribio cha Lawrence kule Massachusetts kilifunguliwa mwaka 1887 wakawa wanajaribu majitaka kwenye mchanga na changarawe, na Waingereza wakaendeleza yale machujio ya mviringo tunayoyajua, ukitaka kuyaona hapa kwetu yapo Kariobangi Nairobi na Kisat pale Kisumu. Ni kama bwawa la duara lenye mawe ukubwa wa ngumi, kina kama mita 2, juu kuna mikono ya bomba inazunguka polepole inanyunyiza. Maji yanateremka kama jasho kwenye mawe, katikati ya mawe kuna hewa. Ukishika jiwe moja lina utando wa utelezi, ule utelezi ndo chujio, jiwe ni kitanda tu.

Na ndani ya utando kuna ubaguzi wa vyumba. Maji yanapoingia juu yamejaa chakula, mabaki ya ugali, mafuta, kinyesi, wale bakteria wa kula haraka wanajaa huko juu na kumaliza oksijeni na nafasi. Hawa wetu wa amonia hawawezi kushindana nao, kwahiyo wanakaa chini zaidi ambako chakula kimeshapungua. Ukizidisha mzigo wa uchafu, mji umekua mara tatu na mtambo ni ule ule wa zamani, wale wa haraka wanateremka mpaka chini na wa amonia wanakosa pa kukaa. Mtambo unaonekana unafanya kazi, mikono inazunguka, maji yanatoka yamepungua harufu, ila amonia inapita kama ilivyoingia. Hili ni jambo la kusikitisha na linatokea sana, sio kwamba mafundi hawajui kazi, nyumba imekuwa ndogo kwa wapangaji.

Leo badala ya mawe kuna plastiki. Jiwe linakupa kama mita za mraba 50 au 60 za kukalia kwa kila mita moja ya ujazo, vile vigurudumu vidogo vya plastiki vilivyobuniwa Norway vinakupa kama 500, na vinaelea vinazunguka vyenyewe kwenye maji. Wafugaji wetu wanatumia vifuniko vya chupa, neti za nyavu chakavu, mabomba yaliyokatwakatwa, na vinafanya kazi vizuri tu. Kuna na njia nyingine ya kuwaacha bakteria waelee kwenye vibonge vya tope huku unapuliza hewa alafu unalirudisha tope lile lile mwanzo ili wasipotee, hiyo ilianzia Manchester mwaka 1914 na Ardern na Lockett na ndo mitambo mingi ya miji mikubwa duniani. Ila bili yake ya umeme ni kubwa mno, mabloa, zile mashine za kupuliza hewa, yananguruma usiku na mchana, na umeme ukikatika masaa mengi bakteria wanakosa pumzi.

Haya, sasa amonia imeshakuwa naitreti. Watu wengi wanaishia hapa wanasema maji yamesafishika. Hapana jamani. Naitrojeni yote bado imo! Umeibadilisha nguo tu, gramu 12 zilizoingia karibu zote bado zinatoka. Na hii naitreti ina ujanja wake, amonia yenye chaji inashikwashikwa na udongo wa mfinyanzi ila naitreti haishikwi, inateremka na maji mpaka kwenye kisima.

Fikiria mitaa yetu sasa, Dar, Mombasa, popote penye viwanja vya kubanana. Shimo la choo kona hii, kisima kona ile, jirani naye hivyo hivyo upande wa pili wa ukuta. Udongo wa kichanga unachuja vizuri kabisa, maji yakifika kisimani ni meupe, hayana harufu, matamu. Mama anachemsha kwa uangalifu wote. Lakini kuchemsha kunaua vijidudu, naitreti haiguswi, tena maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea. Vidonge vya klorini navyo haviigusi. Mwaka 1945 daktari wa Marekani anaitwa Comly aliandika habari za watoto wachanga huko Iowa waliokuwa wanageuka rangi ya bluu, wananyweshwa maziwa ya kopo yaliyokorogwa na maji ya kisima chenye naitreti nyingi. Tumboni naitreti inageuka naitraiti, naitraiti inaharibu damu isibebe oksijeni, yale yale niliyosema ya damu ya samaki. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho miligramu 50 za naitreti kwa lita kwa sababu hiyo hasa. Kwahiyo kama una kisima karibu na mashimo na una mtoto wa chini ya miezi sita anayekorogewa maziwa, tafadhali peleka maji yakapimwe naitreti kwa jina, sio tu "mpime kama ni safi", maana wakipima vijidudu peke yake majibu yatarudi mazuri.

Kuitoa naitreti kwenye maji kabisa kunataka bakteria wa aina nyingine, na hawa wanataka maisha ya kinyume. Wenyewe ni wale wala uchafu wa kawaida, wanapenda oksijeni, ila wakifungiwa mahali haipo hawafi, wanaigeukia naitreti. Naitreti ina oksijeni ndani yake, wanainyofoa wanapumulia, na naitrojeni iliyobaki wanaiachia kama gesi. Sio gesi ya hatari, ni ile ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa unayovuta saa hii. Inapanda kama vipovu vidogo, imeondoka kweli, haipo majini wala kwenye tope. Kuna gesi nyingine inaitwa naitrasi oksaidi inaweza kuponyoka katikati kama mambo hayajakaa sawa, nayo inapasha dunia joto kama mara 270 kuliko kaboni dioksaidi kwa uzito ule ule, kwahiyo kuendesha hii hatua ovyo ovyo nako ni kuhamisha tatizo.

Shida ya hatua hii ni chakula. Hawa wanapumua naitreti lakini bado wanataka kula, wanataka kaboni. Na wewe kaboni yote ya majitaka umeshaimaliza kule mwanzo ili wale wa amonia wapate nafasi! Ukifika mwisho una naitreti tele, hewa umeifunga, ila chakula hakuna, bakteria wanakaa njaa. Mitambo mingine ya Marekani, kama Blue Plains pale Washington, inanunua methanoli, ile pombe ya viwandani, inamwaga kwenye maji ili bakteria wapate kula. Ni gharama ya kila siku.

Mwafrika Kusini anaitwa James Barnard miaka ya 1970 mwanzoni, huko Pretoria, akaona njia iliyonyooka zaidi. Weka tangi lisilo na hewa mwanzo kabisa, majitaka mabichi yanapoingia yakiwa yamejaa chakula, alafu yale maji ya mwisho yenye naitreti yavute kwa pampu uyarudishe huko mwanzo. Chakula kipo, naitreti ipo, hewa hakuna, ndoa imekamilika. Mfumo wake unaitwa Bardenpho, na aligundua kwenye majaribio yale yale kwamba fosforasi nayo inapungua kama bakteria wakipitishwa vipindi vya kukosa hewa na kupata hewa. Leo uko kwenye mitambo ya nchi nyingi na umetoka hapa Afrika, sijui kwanini hatufundishwi hili shuleni.

Lakini asili ilishafanya hii kazi kabla ya wote. Kampala majitaka ya mtambo wa Bugolobi pamoja na uchafu wa mfereji wa Nakivubo yanapita kwenye kinamasi cha mafunjo kabla ya kuingia ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na kwenye ghuba hiyo hiyo pale Ggaba ndo maji ya bomba ya Kampala yamevutwa miaka na miaka. Mafunjo pale hayajaota ardhini, yamefumana yakawa kama mkeka unaoelea na mizizi inaning'inia majini. Mmea unashusha hewa kidogo kupitia shina mpaka mizizini, pembeni tu ya mzizi bakteria wa amonia wanapata pumzi, sentimita chache pembeni hakuna hewa kabisa na wale wa naitreti wanaendelea, na majani yaliyokufa ndo chakula chao. Nyumba zote mbili ndani ya mkeka mmoja bila bloa. Watafiti wa Uganda, Frank Kansiime na Maimuna Nalubega, walitoa utafiti wao mwaka 1999 na wakaona upande wenye mafunjo unasafisha vizuri kuliko upande wenye majani ya aina nyingine, maana kwenye mafunjo maji yanagusana na mizizi vizuri zaidi.

Kinachouma ni kwamba kinamasi kile kimeliwa kila upande, watu wamelima magimbi na miwa, viwanda na nyumba vimesogea, na ukishachimba mifereji ya kukausha shamba maji yanapata njia ya mkato, yanakimbia moja kwa moja ziwani bila kugusa mzizi. Simlaumu mtu anayelima magimbi alishe familia. Ila kila kipande cha mafunjo kinachoondoka, kazi yake inahamia kwenye mtambo wa kutibu maji ya kunywa, na hiyo inalipiwa na watu wale wale kwenye bili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wamefanya kazi kubwa kwenye vinamasi vya kutengeneza, unachimba, unatandika changarawe, unapanda matete, maji yanapita chini ya changarawe hayaonekani hata mbu hana pa kutaga. Kwa shule za bweni, magereza, hospitali za wilaya, naona hii ndo inatufaa kuliko mtambo wa umeme utakaokaa bila spea. Eneo linatakiwa kubwa, hilo ndo deni lake, na changarawe inaziba kama mashimo ya mwanzo ya kutuliza tope hayanyonywi kwa wakati.

Mabwawa ya majitaka nayo, kama yale makubwa ya Dandora kule Ruai, yana njia zake, mwani unakula amonia na mchana pH ikipanda nyingine inaruka hewani, ila haina uhakika na mwani usipochujwa mwishoni unaondoka na naitrojeni yote tumboni.

Kuhusu uchafu mwingine nitasema kidogo. Vitu vya kuoza bakteria wanavimaliza vizuri, vijidudu vya magonjwa vinapungua ila haviishi, lazima mabwawa ya jua au klorini mwishoni. Fosforasi haina gesi ya kuruka nayo, lazima itoke na tope au na mmea uliovunwa. Madini mazito kama risasi na kromiamu ya viwanda vya ngozi bakteria hawawezi kuyala, yananasa kwenye tope alafu tope linapelekwa shambani, kwahiyo ya kiwandani yazuiwe kiwandani. Dawa za binadamu nyingine zinavunjwa, nyingine zinapita hivi hivi.

Kuna na bakteria wa njia ya mkato, waligunduliwa Uholanzi miaka ya 1990 wanaitwa anamoksi, wanaunganisha amonia na naitraiti moja kwa moja inakuwa gesi bila kutaka chakula cha kaboni. Mtambo mkubwa wa kwanza uliwashwa Rotterdam mwaka 2002. Wanapenda joto, na joto sisi tunalo, ila wanakua polepole hata kuliko wale wengine, wanajizidisha kama mara moja kwa wiki mbili hivi.

Simtank yangu niliianza upya. Mzee alinipa kipande cha sponji lake, cheusi, kinanuka udongo wa mvua, akaniambia nikibebe kwenye maji yake mwenyewe kisikauke. Nikakiweka kwenye ndoo yenye vifuniko vya chupa, samaki kumi tu kwanza. Maji ya bomba nayalaza siku mbili klorini iondoke, na sponji likijaa nalikamua kwenye maji ya tanki lenyewe. Amonia ilipanda ikashuka, naitraiti ikapanda ikashuka, wiki ya sita zote zikasoma sifuri. Naitreti ndo ikabaki inapanda kila wiki mpaka karatasi ya kipimo inakuwa nyekundu iliyokolea, nikawa natoa ndoo nne kila Jumamosi nazimwagia migomba.

Sasa hivi nina pipa la pili, limefungwa juu, limejaa makumbi ya nazi, maji yanaingia kwa mrija mdogo kama wa dripu yanakaa humo karibu siku nzima bila hewa. Wiki mbili za kwanza yalitoka rangi ya chai. Nilipoyachelewesha zaidi yakaanza kunuka yai viza, ikabidi nifungue mrija kidogo yapite haraka. Jumamosi iliyopita karatasi ilitoka na rangi ya waridi hafifu, migomba nikaimwagia ndoo mbili.